Martín Dihigo: Fundi wa Kuba Aliyecheza Kila Namba, Ligi Kubwa ya Marekani Ikamfungia Mlango

Kama ulisoma primo hapa Kenya, raunda unaijua. Mtu anakurushia mpira, unaugonga na gongo, halafu unachomoka mbio kuelekea alama ya kwanza kabla hawajakuwahi. Ukichelewa, uko nje, na darasa zima linakucheka mpaka jioni. Sasa chukua hiyo raunda, itie doo, itie mashabiki waliojaa uwanja, halafu itie wanaume wazima wanaorusha mpira kwa kasi ya mathree iliyochelewa stage. Hiyo ndiyo besiboli. Na leo nakupigia stori ya msee mmoja aliyeicheza kuliko karibu kila mtu aliyewahi kushika gongo, na kuna uwezekano mkubwa hujawahi kuskia jina lake.

Anaitwa Martín Dihigo. Hilo jina la pili litamke Di-i-go, hiyo herufi h ni ya urembo tu. Alikuwa Mkuba, mtu mweusi, mrefu wa kupita futi sita, mwenye mkono wa kurusha mpira ambao ulifanya wakimbiaji wafikirie mara mbili. Alizaliwa mwaka wa 1906 na akafariki mwaka wa 1971. Ukienda Kuba, jina lake liko kwenye ukumbi wa mashujaa wa besiboli. Ukienda Mexico, liko. Ukienda Cooperstown kule Marekani, liko pia.

Lakini ligi kubwa ya Marekani, ile yenye pesa na magazeti yote, hakuwahi kuicheza. Hata mechi moja, buda. Na si ati kipaji kilikosa. Shida ilikuwa ngozi.

MTOI WA MASHAMBA YA MIWA

Dihigo alizaliwa mkoa wa Matanzas, upande wa kaskazini wa Kuba, kwenye nchi ya miwa na viwanda vya sukari. Utumwa ulikuwa umefutwa Kuba mwaka wa 1886. Piga hesabu: ni miaka 20 tu kabla yeye hajazaliwa. Maana yake wazee wa mtaa aliokulia, wale waliokuwa wanaketi nje jioni, wengi walikuwa wanaukumbuka utumwa kwa macho yao, si kwa kusimuliwa.

Lakini Matanzas ilikuwa na kitu kingine. Besiboli iliingia Kuba miaka ya 1860, ikiletwa na wanafunzi waliotoka kusoma Marekani, na moja ya mechi za kwanza kabisa kuandikwa Kuba ilichezwa Matanzas, uwanja wa Palmar de Junco, mwaka wa 1874. Kwa hivyo kijana akikulia pale, besiboli haikuwa mchezo wa wageni. Ilikuwa kama vile boli ilivyo mtaani kwenu: unaamka, unatafuta kitu cha mviringo, mnagawana timu.

Kuna jambo moja ulishike mapema juu litatusaidia mbele. Ligi ya Kuba iliruhusu watu weusi na weupe wacheze pamoja tangu mwaka wa 1900. Si ati Kuba haikuwa na ubaguzi. Ulikuwepo, tena mwingi. Lakini ukiingia uwanjani Havana, mweusi angeweza kumrushia mweupe mpira, na mweupe angeweza kukimbia akitafuta besi iliyolindwa na mweusi. Dihigo alikua akijua hivyo ndivyo mambo yalivyo.

Msimu wa baridi wa 1922 kuingia 1923, chali akiwa bado tineja, timu ya Habana ilimchukua kama mchezaji wa akiba. Mwembamba, miguu mirefu, bado hajakomaa. Lakini mkono ulikuwa tayari.

1923: WAKUBA WAWILI, MILANGO MIWILI

Kiangazi cha 1923, Dihigo akiwa na miaka 17, alivuka bahari kwenda Marekani kuchezea Cuban Stars, timu ya jamaa mmoja wa Harlem anaitwa Alex Pompez. Pompez alikuwa mtoto wa Wakuba aliyezaliwa Florida, na pesa zake nyingi zilitoka kwa bahati nasibu ya mtaani, ile ya kucheza namba, ambayo serikali haikuitambua. Timu yake ilijiunga na Eastern Colored League, ligi ya watu weusi iliyoanza mwaka huohuo.

Huyu mtoi hakujua Kiingereza. Alishuka kwenye nchi ambayo hoteli nyingi hazingempokea, mikahawa mingi haingemuuzia chakula mezani, na timu nyingi za watu weusi zililazimika kulala kwenye nyumba za watu au ndani ya gari lenyewe. Wakampanga besi ya kwanza.

Acha nikueleze besi ya kwanza ni nini, juu watu huidharau. Mpigaji akigonga mpira ukabingirika chini, anakimbia mita 27 kwenda besi ya kwanza. Mchezaji aliyeuokota ule mpira anaurusha hukohuko. Yule aliyesimama pale lazima aweke mguu mmoja kwenye besi, anyooshe mwili wote kama lastiki, na audake mpira kabla mkimbiaji hajafika. Mpira wenyewe unaweza kuja juu, chini, kando, au uruke kwenye vumbi. Akiuangusha, lawama ni yake hata kama aliyerusha ndiye alikosea. Ukiwa mrefu na una mikono laini, hapo ni kwako. Ndio maana walimweka Dihigo hapo kwanza.

Sasa shika hii. Mwaka huohuo wa 1923 kulikuwa na Mkuba mwingine Marekani, mrushaji anaitwa Adolfo Luque. Luque alikuwa anachezea Cincinnati Reds, kwenye ligi kubwa kabisa, na msimu huo alishinda mechi 27 akapoteza 8. Hiyo ni kazi ya kutisha, na hakuna anayeweza kumnyima sifa yake.

Wote wawili walitoka kisiwa kimoja. Wote waliongea Kihispania. Wote walikuwa na mikono ya dhahabu. Nyumbani Kuba wangeweza kukutana uwanja mmoja. Lakini Luque alikuwa mweupe, Dihigo alikuwa mweusi, na wenye timu kubwa za Marekani walikuwa na makubaliano ya chinichini tangu miaka ya 1880 kwamba mweusi hataingia. Hayakuwa yameandikwa kwenye kitabu chochote cha sheria. Hayakuhitaji kuandikwa. Kila mtu alijua.

MSEE WA KILA NAMBA

Mwanzoni Dihigo hakuwa moto sana na gongo. Ule mpira unaopinda ukikaribia ulimsumbua vibaya. Unajua vile mtu akigundua udhaifu wako, habari inasambaa? Kila mrushaji alianza kumrushia mpira wa kupinda. Wengine kwa hali hiyo hurudi nyumbani. Yeye alikaa, akajifunza, na kufikia mwaka wa 1926 alikuwa kati ya wapigaji wa kuogopwa wa ligi yake, akiupiga mpira mpaka nje ya uwanja, kile Wamarekani huita homrani.

Hapo ndipo kitu cha ajabu kikaanza. Makocha waligundua kwamba huyu jamaa ukimwondoa besi ya kwanza ukampeleka ya pili, anacheza. Ukimpeleka ya tatu, anacheza. Ukimrudisha nyuma kabisa kwenye nyasi, anadaka mpira na kuurusha hadi nyumbani bila kudunda. Halafu wakampa kazi ya kurusha, ile kazi ngumu kuliko zote, akawa mrushaji wa kiwango cha juu.

Nikuwekee kwa lugha ya boli. Fikiria kipa anayedaka kama kipa wa taifa. Wiki ijayo anacheza beki, hapiti mtu. Wiki inayofuata anapangwa straika, anafunga mbili. Halafu unaambiwa yeye pia ndiye kocha. Ungesema ni stori za jaba. Kwa Dihigo ilikuwa ni ratiba ya kawaida. Kuba walimwita El Inmortal, yaani asiyekufa. Mexico walimwita El Maestro, yaani mwalimu, fundi.

Alipitia timu kadhaa za ligi za weusi Marekani, zikiwemo Homestead Grays na Hilldale. Na usidhani mwaka ulikuwa na mapumziko. Kiangazi alicheza Marekani, baridi ikiingia anarudi Kuba kucheza huko. Mwaka mzima ni besiboli, juu hakukuwa na mkataba wa kukulipa ukiwa umeketi. Ukipumzika, huli.

SIKU FUNDI ALIPOJIAMINI KUPITA KIASI

Kwa sababu nisikudanganye, wacha nikupe na siku yake mbaya.

Mwaka wa 1935, Pompez alikuwa na timu mpya, New York Cubans, na Dihigo akawa kocha mchezaji. Walikuwa wanacheza nyumbani kwenye uwanja wa Dyckman Oval, upande wa juu wa Manhattan. Wakashinda nusu ya pili ya msimu, wakaingia fainali dhidi ya Pittsburgh Crawfords. Wacha nikwambie, hiyo Crawfords ilikuwa mbogi ya kutisha: Josh Gibson, Cool Papa Bell, Judy Johnson, na kocha wao Oscar Charleston, ambaye naye kama Dihigo alikuwa anacheza mwenyewe, na besi yake ilikuwa ileile ya kwanza.

Fainali ilikuwa ya mechi saba. Wakuba wakaongoza mechi tatu kwa mbili. Mechi ya sita wako mbele, raundi ya tisa, ya mwisho. Wamebakisha kidogo tu wawe mabingwa. Mrushaji wao, kijana Johnny Taylor, alikuwa ameibeba mechi mpaka hapo.

Dihigo kocha akaangalia uwanja, akamtoa Taylor. Akamwingiza nani? Dihigo mchezaji. Yeye mwenyewe.

Unajua hiyo hisia. Wakati kazi iko karibu kuisha na moyo unakuambia hakuna mtu atakayeimaliza vizuri kama wewe. Mara nyingi kwake ilikuwa kweli. Siku hiyo haikuwa. Charleston akapiga homrani iliyosawazisha, Crawfords wakamaliza mechi hapohapo, na mechi ya saba nayo ikaenda. Fainali ikaisha nne kwa tatu. Kama kungekuwa na mitandao ya kijamii wakati huo, Dihigo angetrendi wiki nzima, na si kwa uzuri.

Lakini angalia alichofanya baadaye. Hakujificha. Msimu wa baridi huohuo wa 1935 kuingia 1936 alirudi Kuba akiwa kocha mchezaji wa Santa Clara, akashinda mechi 11 kama mrushaji na kupoteza 2, akaongoza ligi kwa kupiga, na timu ikachukua taji. Mwaka uliofuata akahamia Marianao. Ikachukua taji pia. Ukihama timu na taji linakufuata, watu huacha kusema ni bahati.

DIKTETA, MEXICO NA MWAKA WA MAAJABU

Mwaka wa 1937 mambo yalichanganyika. Kule Jamhuri ya Dominika, dikteta Rafael Trujillo alikuwa ameupa mji mkuu jina lake mwenyewe, na timu ya mji huo ilikuwa inamwaga doo kuvuta mastaa wa ligi za weusi za Marekani. Satchel Paige akaenda. Josh Gibson akaenda. Cool Papa Bell akaenda. Dihigo naye alikuwa kisiwani, lakini upande wa pili, na Águilas Cibaeñas wa mji wa Santiago. Timu ya dikteta ndiyo ilibeba taji, na nadhani hilo halikushangazi.

Kutoka hapo akaelekea Mexico, na hapo ndipo msee alipata nyumba.

Tarehe 16 Septemba 1937, siku Wamexico wanasherehekea uhuru wao, Dihigo alirusha mechi nzima pale Veracruz bila mpinzani yeyote kupata pigo safi hata moja. Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kutokea kwenye historia ya ligi ya Mexico.

Halafu ukaja mwaka wa 1938, akiwa na Rojos del Águila de Veracruz. Hizi namba zisome polepole. Kama mrushaji: alishinda 18, akapoteza 2, na wastani wa pointi alizoruhusu ulikuwa 0.90, yaani chini ya pointi moja kwa mechi nzima ya raundi tisa. Kama mpigaji: .387, ambayo ilikuwa ya juu kuliko wote kwenye ligi. Kumbuka kwa besiboli mpigaji akifaulu mara tatu kati ya kumi huyo ni staa. Yeye alikuwa anakaribia nne. Kwa hivyo mwaka huo mrushaji mgumu kuliko wote kumpiga na mpigaji mgumu kuliko wote kumzuia alikuwa mtu mmoja, mwenye pea moja ya viatu.

Mwaka huohuo Satchel Paige naye alifika Mexico, akiwa na mkono unaomuuma. Paige ndiye alikuwa mrushaji mweusi maarufu kuliko wote duniani. Wakapangwa wakutane, Paige upande huu, Dihigo upande ule, na watu wakajaa. Mechi ikabana mpaka mwisho. Mkono wa Paige haukumfikisha, alitoka kabla mechi haijaisha, na raundi ya tisa Dihigo akashika gongo, akapiga homrani iliyoimaliza hiyo stori.

Kabla ya kustaafu alikuwa ameshinda mechi 119 na kupoteza 57 kama mrushaji kwenye ligi ya Mexico peke yake. Na unajua kwa nini wachezaji wengi weusi waliipenda Mexico? Hoteli walilala. Mkahawani walikula mezani. Mtu alikuita kwa jina lako. Ukishazoea kunyimwa vitu vidogo hivyo, ukivipata vinakuwa vikubwa kuliko mshahara.

1947: MLANGO UNAFUNGUKA, YEYE YUKO NJE

Sasa hapa ndipo stori inauma.

Mwaka wa 1945 Dihigo alirudi Marekani kucheza na New York Cubans tena. Alikuwa anakaribia miaka 40. Magoti hayakuwa yale ya 1923. Mwaka huohuo Brooklyn Dodgers, timu ya ligi kubwa, walimsaini kijana mweusi anaitwa Jackie Robinson na kumpeleka kwanza kwa timu yao ndogo ya Montreal.

Mapema mwaka wa 1947, kabla ya msimu, Dodgers walitaka mahali pa kufanyia mazoezi. Florida ilikuwa na sheria za ubaguzi ambazo zingeleta ngori kwa Robinson. Kwa hivyo wakachagua wapi? Havana. Nyumbani kwa Dihigo, kwenye ligi ambayo weusi na weupe walikuwa wamecheza pamoja karibu miaka 50. Na hata huko, Robinson na wenzake weusi walilazwa mbali na wachezaji weupe wa Dodgers. Wakuba hawakudai hivyo. Ni uamuzi wa timu yenyewe, ikiogopa fujo.

Tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson aliingia uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, akawa mchezaji wa kwanza mweusi kwenye ligi kubwa tangu ule mlango ufungwe miaka ya 1880. Unajua alipangwa wapi? Besi ya kwanza. Palepale walipompanga Dihigo alipofika Marekani miaka 24 nyuma.

Robinson alikuwa na miaka 28. Dihigo alikuwa amebakisha wiki chache afikishe 41. Maze, hebu fikiria. Umesimama mlangoni tangu uko na miaka 17, unajua funguo ziko ndani, unajua kabisa unaweza kazi iliyo ndani kuliko wengi walioketi humo. Halafu siku mlango unafunguka, wanakuangalia na kuona mzee.

Hakuna anayeweza kumlaumu Robinson, juu alilipia hiyo nafasi kwa matusi na vitisho ambavyo wengi wetu tungekimbia. Wala sitakuambia Dihigo alikunywa sumu ya uchungu, juu maisha yake hayaonyeshi hivyo. Alimaliza kucheza, akaendelea kufundisha timu, akawa pia mtangazaji wa besiboli kwenye redio.

MZEE ANARUDI NYUMBANI

Mwaka wa 1952, Fulgencio Batista alipindua serikali ya Kuba na kujipa nchi. Dihigo hakuwa wa kupigia dikteta makofi. Akaondoka na kuishi nje miaka kadhaa. Baada ya mapinduzi ya Fidel Castro kushinda mwaka wa 1959, akarudi.

Mwaka wa 1961 serikali mpya ikafuta besiboli ya kulipwa Kuba. Ile ligi ya Havana iliyomlea, ikaisha. Wachezaji wengi wakalazimika kuchagua: kubaki nyumbani au kwenda Marekani na wasijue watarudi lini. Dihigo alibaki. Akafundisha vijana. Mtu aliyekuwa amepambana na Paige na Gibson sasa alikuwa anamwonyesha mtoi wa mashambani jinsi ya kuweka mguu kwenye besi.

Alifariki Mei 1971, kule Cienfuegos, na akazikwa mji mdogo unaoitwa Cruces. Miezi mitatu baadaye, Agosti 1971, Ukumbi wa Mashujaa wa Cooperstown ulimwingiza Satchel Paige, wa kwanza kuingizwa kwa kazi aliyofanya kwenye ligi za weusi. Ndio, umesoma vizuri. Dihigo alikosa hata hilo, kwa miezi mitatu.

Zamu yake ilifika mwaka wa 1977. Akawa Mkuba wa kwanza kuingia Cooperstown. Luque mwenyewe, yule aliyeshinda 27, hayumo humo. Kuba ilikuwa imemweka Dihigo kwenye ukumbi wake mwaka wa 1951, na Mexico mwaka wa 1964. Marekani ilikuja ya mwisho, kama kawaida yake kwa watu kama yeye.

Na Desemba 2020, wasimamizi wa besiboli Marekani walitangaza kwamba ligi za weusi za kuanzia 1920 hadi 1948 zitahesabiwa kuwa ligi kubwa rasmi. Mwaka wa 2024 takwimu zikaunganishwa. Kwa makaratasi, basi, Martín Dihigo ni mchezaji wa ligi kubwa. Ilichukua miaka 97 tangu ashuke na Cuban Stars. Unaweza kusema ni haki. Unaweza pia kuuliza nani anamlipa zile usiku za kulala ndani ya gari.

KIJANA MWINGINE WA SUKARI

Nikuachie na hii. Kuna Mkuba mwingine aliyetoka nchi ya miwa, alizaliwa mwaka wa 1942, anaitwa Tony Pérez. Alisainiwa akiwa kijana mdogo mwaka wa 1960, akaenda Marekani na rangi ambayo ingemfungia Dihigo nje. Akaingia ligi kubwa. Akacheza besi ya kwanza. Akabeba ubingwa mwaka wa 1975 na tena 1976, akapiga homrani 379, na mwaka wa 2000 akaingia Cooperstown.

Timu aliyobeba nayo mataji? Cincinnati Reds. Hiyohiyo ya Luque. Timu ambayo mwaka wa 1923 ilikuwa na nafasi ya Mkuba mmoja na haikuwa na nafasi ya mwingine.

Dihigo hakuishi kuona mataji hayo. Lakini mtu kama Pérez hakutoka hewani. Alitoka kisiwa ambacho watoto wake walikua wakiskia kwamba aliwahi kuwepo mweusi mmoja kutoka mashamba ya miwa, aliyeweza kila namba uwanjani, na kwamba waliomkataa ndio walipata hasara.

Kwa hivyo siku ukipita karibu na shule ya primo ukute watoi wakicheza raunda kwenye vumbi, simama dakika mbili. Mwangalie yule aliyewekwa alama ya kwanza, yule mrefu mwembamba ambaye mwalimu alimpachika hapo tu juu ya urefu. Usimcheke akiuangusha mpira. Labda bado anajifunza.